Ng'ambo ya Ua wa Dani

Sili mapera. Watu hudhani ni mambo ya tumbo, nami huwaacha wadhani hivyo, maana kueleza ni kazi. Lakini juzi hapa Migori, nikitoka dukani, mama mmoja alikuwa amemwaga mapera yake juu ya gunia kando ya barabara, yameiva mpaka yanapasuka, na harufu yake ikanifuata hadi stejini. Harufu ya pera lililoiva sana haina adabu, inaingia hata pale ambapo haikukaribishwa. Nikasimama kama mtu aliyesahau njia ya kwake. Wiki iyo hiyo tulikuwa tumetoka kumzika Dani, nyanya yangu mzaa mama, na siku zote za matanga nilikuwa nimejikaza, napika, nagawa chai, nagombana na wenye mahema. Mapera ndiyo yaliyonitoa machozi. Basi ngoja nieleze mara moja tu, nanyi wa rika langu mliolelewa na nyanya zenu mtanielewa upesi.

Nilifika kwa Dani nikiwa darasa la nne, Mama aliporudi kwao. Ndoa yake na Baba, Mkuria aliyekuwa dereva wa lori la tumbaku, ilikuwa imevunjika. Mama akaifunga cherehani yake kwa kamba na tukashuka nayo Sindo, yeye amebeba kichwa cha mashine na mimi nimekumbatia mfuko wa vitambaa. Nyumbani Migori tulikuwa tukiongea Kiswahili, kwa sababu Kijaluo kilikuwa cha Mama, Kikuria kilikuwa cha Baba, na hakuna aliyekubali kushindwa. Kwa hiyo niliingia kijijini nikiwa na Kiswahili kitupu na jina la Kikuria, Boke. Watoto wakaniita Nyar Migori, binti wa Migori, wakasema naongea kama redio. Sikujali. Nilikuwa na ulimi mkali, na ninao bado.

Boma la Dani liko mwinukoni, ziwa unaliona chini kama bati jipya. Upande mmoja kulikuwa na ua wa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe ambao tuliambiwa ukiingia jichoni ndiyo basi tena. Kila asubuhi Dani akimaliza kufagia alikuwa anaenda kusimama penye ua huo. Upande wa pili alikuja bibi mwingine, uso ni ule ule wa Dani ila mwembamba zaidi, na wote wawili wakaanza kuongea. Walicheka, waligombana, walinyoosheana vidole juu ya minyaa. Lakini lugha waliyoongea haikuwa Kijaluo. Mjomba wangu Okeyo hakuielewa, Mama alichukua neno moja moja tu, na watoto hatukupata hata moja.

Mimi nikakata shauri kwamba hiyo ni lugha ya ua. Yaani ukitaka kuongea na mtu aliye ng'ambo ya minyaa, lazima uijue. Nikaenda nikasimama pale, nikamwita rafiki yangu Adongo kwa maneno ya kujitungia, akanijibu kwa ya kwake, na tukaelewana vizuri sana. Tuliendelea hivyo karibu muhula mzima. Hakuna mtu mzima aliyetuuliza tunafanya nini, labda walidhani ni wazimu wa watoto wa siku hizi.

Yule bibi wa pili nilimwita Dani Mdogo. Alikuwa ndugu wa tumbo moja na Dani, wa kumfuata. Wote wawili walizaliwa kisiwani Mfangano, Wasuba halisi, wakaolewa bara katika maboma mawili yanayopakana. Wasuba wa bara walikwisha kuoana na Wajaluo zamani, shule na kanisa vikaja kwa Kijaluo, na lugha yao ikabaki vinywani mwa wazee wachache. Pale kwetu ilibaki kwa hao wawili, tena wakiwa wamesimama. Maana jambo nililogundua baadaye ni kwamba Dani hakuwahi kuketi na ndugu yake.

Sheria ya kwanza niliyopewa pale ilikuwa hii: cheza na Adongo upendavyo, lakini usile kwao. Hata maji usinywe. Adongo alikuwa mjukuu wa Dani Mdogo, tuko darasa moja, dawati moja. Nikauliza kwa nini. Dani akasema, "Kwa sababu mimi nimesema." Mnayajua majibu ya nyanya zetu, hayana rufaa.

Basi nikaelewa kwa akili yangu: wale watu wana sumu. Nikataka kuhakikisha. Nikamwomba Adongo kiporo cha nyoyo, mahindi na maharagwe, nikamlisha jogoo wa Dani, halafu nikakaa naye mchana kutwa nikimchunguza kama daktari. Jogoo akala, akawika, akaenda kusumbua matetea. Nikamweleza Adongo matokeo, kwamba kwao hakuna sumu. Akanitazama kwa mshangao. "Lakini sisi ndio tumekatazwa kula kwenu," akasema. "Nilijua nyinyi ndio mko nayo."

Haki ya Mungu nililia. Mtu anaweza kuishi na jirani mwenye sumu, lakini kuambiwa ni wewe! Nikajichungulia ulimi kwenye kioo cha Mama. Adongo, ambaye alikuwa na roho nzuri kuliko mimi, akasema tujaribu mahali pasipo pa boma lolote. Barabara haikuwa ya mtu. Akaleta pera kutoka kwa mti wao, akauma yeye, akanipa, nikauma mimi. Lilikuwa tamu ajabu. Tulikuwa tunalimaliza pale katikati ya barabara, maji ya pera yanatiririka viwikoni, Dani alipotokea akitoka sokoni.

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Aliutupa mzigo wake wa samaki wakavu mavumbini, akaniingiza vidole kinywani, akanitoa kila kipande, akanitemesha mpaka mate yakakauka. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa. Adongo alikimbia kwao akipiga mayowe, na mimi nikabaki na ladha ya pera na vidole vya Dani vyenye harufu ya samaki. Tangu siku ile, pera halinipiti kooni.

Jioni, jikoni, alinieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Boke, sikia. Hiyo watu si wabaya. Sisi pia si wabaya. Lakini mtu ya ile boma alikufa maji. Anaitwa Ouko, ndugu ya bwana ya Dani Mdogo. Na alikuwa na babu yako kwa mashua, wawili peke yao. Mpaka leo hakuna mtu ya hapa amesimama akasema vile ilikuwa. Kama haijasemwa, hatuwezi kula sahani moja. Ukikula, chira inakuja."

Chira ni ugonjwa wa kukonda unaompata aliyevunja mwiko. Nilikuwa nimeshasikia ukitajwa kwa sauti ya chini.

"Si wewe useme, Dani?"

"Mimi nimeolewa hapa. Mimi si damu. Lazima iseme mtoto ya hii boma."

Babu alikuwa amekufa zamani. Watoto wake waliobaki ni wawili, mjomba Okeyo na Mama. Nikamwangalia Mama, aliyekuwa akichochea moto, na Mama akaendelea kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Haukupita muda mrefu, Dani Mdogo akaacha kuja penye ua. Adongo akaniambia wamempeleka hospitali Homa Bay, na kwamba koo lake linajifunga. Ugali ulikuwa umekwisha kumshinda, sasa ni uji na supu, na daktari amesema hata hivyo vitakuja kumshinda. Kwa akili ya mtoto nilijua chanzo ni nini: pera. Nilikula pera la kwao na chira, badala ya kunijia mimi, imekosa njia ikaenda kwa bibi wa watu. Nilikaa na siri hiyo mpaka nikashindwa kula, na Dani akaninyang'anya kwa maswali.

Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaacha kucheka ghafla. "Wewe! Hiyo koo ilianza kabla wewe hujakuja hapa. Mungu hawezi ua mzee juu ya pera." Akanipangusa uso kwa kitambaa chake cha kichwa. "Lakini iko karibu kufunga. Ikifunga, mimi sitakula na yeye tena. Nilikula na yeye tangu anatambaa, Boke. Mama yetu alikuwa anatupa kwa sahani moja."

Hilo ndilo alilolishika. Hakutaka ng'ombe wala kuombwa msamaha na mtu. Alitaka kula chakula kimoja na mdogo wake kabla koo halijafungika. Alikuwa Msabato wa siku nyingi, Sabato ilimkuta amenyoosha nguo tangu Alhamisi, na mchungaji wake hakupenda kabisa habari za miko. Dani alimsikiliza kwa heshima zote, akamkaribisha uji, akaendelea na lake.

Mwaka ule kulikuwa kunapangwa siku ya utamaduni wa Wasuba pale ufuoni Sindo. Ilikuwa kawaida: ngoma, mashindano ya mashua, watoto kuimba kwa Kisuba, wageni wa kaunti kuhutubu mpaka watu wasinzie. Mjomba Okeyo alikuwa mwenyekiti wa kamati, na ndiye aliyempa Mama kazi ya kushona nguo za watoto wa ngoma. Lakini safari hii wazee wa Mfangano walileta sharti. Walisema hawatavuka maji kuja kucheza ngoma juu ya mambo yaliyofunikwa. Wakataka hema moja litengwe, mwenye la kusema aseme ukweli mbele ya mashahidi: nani alinyang'anya nani, nani alimwaibisha nani mpaka akaacha lugha yake, na maboma yasiyokula pamoja, ni kwa nini. Siku ikawekwa Jumapili kwa ajili ya Wasabato. Wakatoliki wakanung'unika, wakaambiwa waje baada ya misa.

Dani akamwita mwanawe. Nilikuwa nimejikunyata nyuma ya cherehani, nao waliongea Kijaluo, ambacho wakati huo nilikuwa nimekwisha kukipata.

"Okeyo, utaingia hemani useme la baba yako."

"La baba lipi? Sisi hatuna neno."

"Baba yako alikuambia akiwa kitandani. Nilikuwepo."

"Mama, wageni wanakuja. Kuna watu wa kaunti. Unataka tuvuliwe nguo mbele ya wageni?"

"Nguo zilishavuka zamani. Ni wewe tu unayejiona umevaa."

"Aliyekufa amekufa!"

"Mimi sijafa," Dani akasema. "Ndugu yangu hajafa. Wewe utamaduni wako ni ngoma tu? Tucheze, tupigwe picha, halafu mimi nirudi kusimama kwenye minyaa? Mficha uchi hazai, Okeyo."

Mjomba akaweka kofia yake kichwani, akaondoka bila kuaga. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo ingawa sikumpenda. Alikuwa amejijengea jina pale ufuoni kwa jasho lake, na aliogopa lisije likaitwa la mtoto wa muuaji.

Kesho yake Dani akaanza vita vyake. Mjomba alizoea kumletea samaki kila asubuhi, ngege wazuri wabichi. Dani akakataa kuwapokea. "Mwambie," akaniagiza, "kama hii boma inaweza kukaa na watu bila kula na wao, mimi pia naweza. Sitakula chakula ya Okeyo. Nitakuwa jirani yake." Jamani, mama kukataa chakula cha mwanawe ni jambo zito, watu huhama njia wakisikia. Mjomba akadhani ni hasira ya siku moja. Akawa ananing'iniza samaki mlangoni na kuondoka, na samaki wakaning'inia pale mpaka paka wa Dani Mdogo wakavuka ua kuja kuwala. Wale paka hawakuwa na habari ya Ouko wala ya babu. Walinenepa mno mwezi ule, na sisi tukala mboga za majani.

Halafu Dani akamgeukia Mama. Hakupiga kelele. Alikuja tu akaketi karibu na cherehani, Mama akishona pindo la kaniki ya ngoma.

"Atieno, baba yako alikuambia na wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unamlisha."

Mama akaendelea kukanyaga mashine.

"Mimi nimeolewa nikarudi, Mama. Nina neno gani hapa? Naketi kwako kwa ruhusa ya Okeyo. Hata hizi nguo ni Okeyo."

"Najua."

"Akinifukuza nitaenda wapi na mtoto?"

"Sijui," Dani akasema. "Sitakudanganya. Sijui."

Nilitaka sana Dani aseme kwamba kila kitu kitakuwa sawa, kama watu wazima wanavyosema. Hakusema. Aliinuka akaenda kuteka maji.

Jumapili ikafika. Ufuo ulijaa, turubai za rangi zote, moshi wa samaki, vumbi la bodaboda. Watoto wa ngoma walitoka na nguo za Mama, wakaimba kwa Kisuba wimbo waliokaririshwa bila kujua hata neno moja, na watu wakapiga makofi. Kisha mashua kutoka Mfangano ikafika na wazee wake, na Dani akawashukia kama mtu aliyeona maji jangwani. Akaanza kuongea nao lugha ile. Wakamjibu. Mzee mmoja, bibi mmoja, hata kijana mmoja mwenye simu mkononi! Nilimshika Adongo mkono. Hapakuwa na ua pale, hata mnyaa mmoja. Ilikuwa lugha ya watu, ya kuongelea popote, na sisi tulikuwa tumeibania kwenye miti.

Hema la ukweli lilikuwa nyuma, karibu na banda la kukaushia dagaa, mbali na wageni. Wazee waliketi upande mmoja kwenye mabenchi. Mzee wa kwanza alisema jinsi shuleni walivyomvisha kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama yake, na jinsi alivyorudi nyumbani akamkataza mama huyo kumsemesha mbele ya watu. Alisema, "Nilimnyamazisha mama yangu mwenyewe." Mama mwingine akasema ukoo wao ulikana jina lake ili wasichekwe sokoni. Walisema wazi, bila mapambo, na kila aliyemaliza aliitikiwa kwa Kisuba na wote waliojua kuitikia.

Watu wa boma la ng'ambo walikuwa wameketi pamoja. Dani Mdogo alibebwa kwa kiti, amefungwa shuka, macho yake makubwa. Kando yake alikuwa mumewe, Mzee Ogola, kaka yake Ouko. Upande wetu alikuwapo Dani peke yake, na mimi. Aliyeongoza akauliza kama kuna boma jingine lenye neno. Kutoka jukwaani tulisikia sauti ya mjomba kwenye spika, inatangaza mashindano ya mashua, inawataka wapiga kasia wasogee majini. Dani alitazama chini. Ndipo nikamwona Mama akiingia kutoka uwanjani, tepu ya kupimia bado imening'inia shingoni.

"Ninalo mimi," akasema.

Mzee mmoja akamkatiza kwa upole. "Binti yangu, uliolewa. Neno la boma husemwa na mtoto wa boma."

"Niliolewa, ndiyo, na nimerudi. Na hata nisingerudi, mzee, damu haiolewi."

Watu wakaguna. Mzee Ogola akainua mkono mmoja, akasema, "Mwacheni."

Mama alisema akiwa amesimama wima, mikono ameishikanisha mbele. Alisema baba yake na Ouko walikuwa wamegombania nyavu wiki ile, lakini wakaenda kutega pamoja kwa sababu mashua ilikuwa moja. Upepo ukawakuta mchana. Mashua ikaanza kujaa. Ouko alikuwa anakumba maji, wimbi likampiga likamtoa nje. "Alielea. Hakuzama mara moja. Baba alimwona, akamsikia. Angegeuza mashua angeweza kumfikia, au wangekufa wote wawili. Hakugeuza. Alipiga kasia kuja nchi kavu, na Ouko anaita nyuma yake. Akafika, akawaambia kwamba hakuona chochote. Kwangu mimi alisema ni hofu. Siku nyingine akasema ni hasira. Nawaambia alichosema. Lililokuwa moyoni mwake sikuliona."

Nje spika ilikuwa inapiga kelele kuhusu mashua nyekundu na mashua ya buluu.

Mzee Ogola akauliza swali moja tu. "Alikuwa anaita nini?"

Mama akafunga macho. "Jina lako. Hakumwita baba. Alikuwa anakuita wewe."

Yule mzee akashika magoti yake. "Nilikuwa shambani," akasema. "Siku ile nilikuwa shambani, napalilia." Akarudia tena, kama aliyekuwa anamjibu mtu mwingine, si sisi. Kisha akalia kwa sauti, mzee mzima, na wanawe hawakumzuia.

Sijui nani alikimbia kumwambia mjomba. Ninachokumbuka ni kwamba spika ilinyamaza katikati ya neno. Mwenye dawa, bibi mmoja wa Mfangano, alikuwa amekwisha kuchanganya manyasi, majani machungu kwenye maji, ndani ya kibuyu. Maboma mawili hunywa kibuyu kimoja ndipo mwiko uondoke. Alianza Mzee Ogola. Halafu akampa Mama, akasema aliyesema ndiye anayekunywa, na Mama akanywa. Mjomba alikuwa amefika, amesimama kwenye kamba za hema, kofia mkononi. Mzee Ogola akamnyooshea kibuyu. Alimnyooshea muda mrefu bila kukishusha. Dani hakugeuka kumtazama mwanawe hata kidogo. Mwishowe mjomba akaingia, akanywa, uso wake umekunjamana kama wa mtoto aliyelazimishwa kwinini.

Msidhani baada ya hapo tulikumbatiana wote. Mjomba hakusema na Mama kwa muda mrefu sana, na kabla muhula haujaisha tulihamia chumba cha kupanga Sindo, mimi, Mama na cherehani. Walikuja kupatana polepole, kwa hatua za kobe. Mama hajawahi kusema kwamba anajuta. Nilimwuliza siku ile ile tukitoka ufuoni kama Mzee Ogola hakuwa akijua.

"Alijua. Kila mtu alijua, Boke. Kijiji kizima kilijua."

"Sasa kwa nini walingoja muda wote huo?"

"Walikuwa wanajua," Mama akasema. "Sisi hatukuwa tumewaambia."

Kesho yake Dani aliamka kabla ya kuku. Alichagua ngege mmoja mkubwa kutoka kwa samaki wa mjomba, maana sasa alikubali kuwapokea, akamchemsha mpaka nyama ikaachana na mifupa yenyewe. Akaichuja supu kwa kitambaa safi, akaisaga nyama kwa mgongo wa mwiko, akaitoa miba mmoja mmoja huku akiilaani. Hakutaka msaada. Kisha akavaa gauni lake la Sabato ingawa ilikuwa Jumatatu, akachukua panga, akaenda kukata minyaa miwili mitatu, upana wa mtu na bakuli lake. Utomvu ulimrukia mikononi. Nikamfuata nyuma nimebeba kigoda.

Dani Mdogo alikuwa mlangoni, ameegemezwa kwenye mito. Dani akaketi kwenye kigoda mbele yake, magoti kwa magoti, akaweka bakuli katikati. Dani akaonja kwanza, akachota, akampelekea mdogo wake. Dani Mdogo akashika ile supu kinywani, tukamtazama wote, Adongo amenibana mkono. Akameza. Ilimchukua muda, shingo yake yote ikafanya kazi, lakini ikashuka. Kisha akasema jambo kwa Kisuba, kwa sauti nyembamba iliyokwaruza, na Dani akaweka kijiko chini, akacheka, akalia, akacheka, hata hatukujua tumshike au tumwache.

"Amesema nini?" nikauliza. "Dani, amesema nini?"

"Anasema chumvi imezidi!" Dani akapangusa macho kwa kiganja. "Miaka hii yote mimi nangoja, na huyu anakuja hapa kusema chumvi imezidi!"

Akachota kijiko kingine, akakijaza vizuri, akamwambia ndugu yake afungue mdomo. Na Dani Mdogo akafungua.